Geuza Saa, Tazama Mgongo

Bahi haina bahari. Ina mbuga inayopokea maji ya mto Bubu wakati wa mvua na kukauka kiangazi, ina majaruba ya mpunga na reli ya kati, na ina vumbi. Ukimwambia mtu hapa kwamba unakusanya saa kuukuu za wazamiaji, lazima acheke kwanza. Lakini boksi lililotengenezwa kuzuia maji huzuia na vumbi pia, na katika nyanda hizi vumbi huua saa nyingi za mashine kuliko maji. Hupenya kwenye ufunguo, likachanganyika na mafuta, na meno ya magurudumu yakaanza kulika taratibu.

Wanaoanza karibu wote huulizia Rolex Submariner au Blancpain Fifty Fathoms, saa mbili zilizozaliwa mwaka 1953. Moja halisi ya miaka ile hununua shamba, na trekta juu yake. Mimi huwaambia waachane na jina. Katika miaka ya 1960 Uswisi ilijaa kampuni ndogo za saa ambazo hazikutengeneza kila kitu zenyewe. Mashine walinunua kwa A. Schild, Felsa au ETA, na maboksi kwa mafundi wa maboksi. Mmoja wa mafundi hao alikuwa Ervin Piquerez wa Bassecourt. Kampuni yake, EPSA, ilitoa boksi liitwalo Super Compressor, lenye springi kwenye mfuniko wa nyuma. Kila mita 10 za kina huongeza mgandamizo sawa na wa hewa yote iliyo juu yetu ufuoni. Kwa hiyo kadiri mzamiaji anavyoshuka, maji yenyewe huusukuma mfuniko na kuibana zaidi raba inayozuia maji.

Boksi hilo hilo lilikwenda Longines, likaenda pia Fortis, Wittnauer na majina mengine ambayo leo wachache wanayakumbuka. Longines huuzwa kwa maelfu ya dola. Ndugu zake wa boksi moja huuzwa kwa sehemu ndogo tu ya bei hiyo. Fundi akikufungulia mfuniko, tafuta kwa ndani alama ya kofia ya mzamiaji iliyochorwa mistari ya kukatana. Uso wa saa hudanganya kirahisi. Zipo karakana Mumbai zinazopaka nyuso upya kwa wingi, na ukizitazama kwa lenzi utaona herufi nene, zilizopinda, na rangi mpya mno kwa umri wa saa.

Majina yenyewe yana vituko. Sicura ilikuwa saa ya bei chee, na wakusanyaji wengi huipita bila kuigusa. Mwaka 1979, saa za betri zikiwa zimeshaviangusha viwanda vingi vya Uswisi, mwenye Sicura, Ernest Schneider, ndiye aliyelinunua jina la Breitling.

Kwa anayetaka kuanza na moja tu, ningemwelekeza kwenye Vostok Amphibia. Mwaka 1967 kiwanda cha Chistopol, katika Urusi ya Kisovieti, kilitaka saa ya kuzama mita 200, lakini hakikuwa na mitambo ya kuchonga chuma kwa usahihi wa Kiswisi. Wabunifu Mikhail Novikov na Vera Belova wakatafuta njia isiyohitaji usahihi huo. Waliweka raba nene, mfuniko bapa unaoshikiliwa na pete ya kufunga kwa nyuzi, na kioo kinene cha plastiki ambacho mgandamizo hukipinda kidogo kikazidi kujibana. Wanunuzi hutishwa na kitu kimoja: ukiulegeza ufunguo wake, huyumba kana kwamba umevunjika. Ndivyo ulivyobuniwa, ili ukigongwa usiharibu mhimili wa ndani. Nimeona watu wakizikataa saa nzima kabisa kwa sababu hiyo. Anayezitafuta hapa nchini aanzie kwenye makabati ya familia za waliosoma Moscow, ambako chuo kilichopewa jina la Patrice Lumumba mwaka 1961 kilipokea vijana wetu wengi.

Maandishi ya mita 200 kwenye saa ya miaka hamsini yalihusu raba iliyokuwa mpya. Raba huzeeka, hukauka na kupasuka. Usiijaribu saa kwa kuitumbukiza kwenye ndoo. Ipashe moto kidogo, ifikie joto la nyuzi 40 hivi, kisha weka tone la maji baridi juu ya kioo kwa dakika moja na ulifute. Ukungu ukibaki upande wa ndani, unyevu umeshaingia. Asubuhi za Juni na Julai, baridi ya Dodoma huweza kukuonyesha jambo hilo hilo bila tone.

Kuna jambo moja la hatari. Bahi imesikia habari za urani tangu watafiti walipokuja kuitafuta mbugani, na radiamu huzaliwa na urani. Rangi ya kung'aa gizani kwenye saa za zamani ilitengenezwa kwa radiamu, na katika miaka ya 1920 sehemu kubwa ya radiamu ya dunia ilitoka kwenye mawe ya mgodi wa Shinkolobwe, Katanga. Baadhi ya saa za kwanza za wazamiaji zinayo bado. Mng'ao ukifa, ni ile rangi iliyochoka. Radiamu yenyewe huchukua miaka 1,600 hivi kupungua nusu. Usifungue saa ya namna hiyo jikoni, wala usikwangue akrabu zake kwa wembe, kwa maana unga wake ukivutwa puani hubaki mwilini. Chini ya namba 6 ukikuta T SWISS T, hapo walitumia tritiamu, ambayo hupungua nusu kwa miaka 12 tu na mnururisho wake ni hafifu mno. Usipoona alama hiyo kwenye saa ya kabla ya katikati ya miaka ya 1960, mwache fundi mwenye vifaa aifungue.