Mgeni na Mwenyeji: Kupima Matumizi ya Nguvu za Seva Pepe

Makala haya yanakusudia kueleza jambo ambalo, kwa mtazamo wa kwanza, halituhusu sisi wanalugha: namna ya kupima jinsi seva pepe inavyotumia prosesa, kumbukumbu na diski. Lakini mikusanyiko yetu ya matini na kamusi sasa imehifadhiwa katika seva za namna hiyo, na utafutaji wa neno moja unapochukua dakika badala ya sekunde, sisi ndio tunaotakiwa kuandika barua ya kuomba fedha za kuongeza kumbukumbu. Hapana budi basi kujua kwanza kama ni kumbukumbu kweli iliyopungua.

Wazo lenyewe si jipya. IBM ilitangaza mfumo wa VM/370 mwaka 1972, na kwa mfumo huo mtambo mmoja uliwahudumia watu wengi, kila mmoja akiuona kana kwamba ni wake peke yake. Wataalamu huuita mtambo halisi mwenyeji, na kila kompyuta pepe mgeni. Istilahi hizi zimesibu. Mgeni huletewa sahani; haingii jikoni kuhesabu masufuria.

Tuanze na kumbukumbu, maana hapo ndipo wengi hupotoka. Katika Linux, amri ya free huonyesha safu wima iitwayo free, na tarakimu yake ikiwa ndogo watu hufadhaika. Hakuna sababu: Linux hutumia kumbukumbu isiyo na kazi kuweka nakala za mafaili yaliyokwisha kusomwa, na huiachilia inapohitajika. Safu ya kutazamwa ni available. Kisha itumiwe amri ya vmstat 5, inayotoa mstari mpya kila baada ya sekunde 5. Mstari wa kwanza upuuzwe, kwa kuwa ni wastani tangu seva ilipowashwa. Safu za si na so zikibaki sifuri, kumbukumbu haihamishiwi diskini, na hapana haja ya kununua nyingine. Safu ya wa ikipanda, prosesa inaingojea diski.

Safu ya st ndiyo inayomhusu mgeni hasa. Ikisomeka 30, maana yake ni kwamba kwa asilimia 30 ya muda mgeni alikuwa tayari kufanya kazi, lakini mwenyeji alikuwa amempa mwingine prosesa. Kwa Kiingereza muda huo huitwa wizi. Kwa maoni yangu jina hilo ni la uonevu, kwani mwenyeji hugawa kilicho chake; muda wa foleni lingekuwa jina la haki zaidi. Hata hivyo si kila mwenyeji humfunulia mgeni hesabu hiyo, na sifuri katika safu ya st si ushahidi kamili. Hapo hulazimu kumwendea msimamizi wa mtambo wenyewe.

Katika seva ya matini niliyopata kuichunguza, available ilikuwa tele, si na so sifuri, lakini st ilipanda kila asubuhi saa za kazi na kushuka usiku. Ombi letu likawa kuhamishiwa kwa mwenyeji mwenye wageni wachache. Barua ya fedha, iliyokwisha kupigwa chapa, haikupelekwa.