Mafuta Hulinda Nywele, Hayazioteshi

Sokoni na saluni, mafuta ya nazi, ya mnyonyo na ya rozimari huuzwa kwa ahadi moja: paka, nywele zitaota. Ahadi hiyo imewagharimu wengi fedha, na wengine imewapotezea muda wa kutibiwa. Mafuta ya asili yana faida, tena ya kweli, lakini faida yake kubwa ni kuzitunza nywele zilizokwisha kuota. Unywele huota kutoka kwenye kinyweleo, kifuko kidogo kilichozama ndani ya ngozi. Humo seli hai hugawanyika na kuusukuma unywele nje, kwa wastani wa sentimita 1 hivi kwa mwezi, na pungufu ya hapo kwa nywele za kipilipili. Chakula cha seli hizo huletwa na damu. Sehemu tunayoichana na kuisuka ni protini isiyo na uhai, haiwezi kulishwa kwa kupakwa kitu. Kasi ya kuota huamuliwa na urithi, umri, homoni na afya ya mwili.

Mbona basi kuna wanawake wengi waliokuza nywele ndefu kwa mafuta ya nazi? Hoja hiyo ni ya haki. Urefu tunaouona ni kiasi kilichoota, ukitoa kilichokatika. Unywele wa kipilipili umejisokota, na kila unapojikunja ni rahisi kukatika chanuo linapopita. Mwaka 2003 watafiti wa India, Rele na Mohile, walilinganisha mafuta ya nazi, ya alizeti na ya madini. Ya nazi ndiyo pekee yaliyopunguza upotevu wa protini ya nywele, yakipakwa kabla au baada ya kuosha. Asidi ya lauriki iliyomo ina molekuli ndogo zilizonyooka, hivyo hupenya ndani ya unywele, nao hauvimbi sana unapolowa. Nywele zisipokatika, hurefuka, na mtu husema mafuta yamezikuza.

Wapo watakaotaja rozimari, na wana ushahidi wa kuanzia. Nchini Iran, utafiti uliochapishwa mwaka 2015 ulihusisha wanaume 100 wenye upara wa kurithi. Baada ya miezi 6, waliotumia rozimari walipata nafuu sawa na waliotumia dawa ya minoksidili ya asilimia 2. Lakini hapakuwa na kundi lililopakwa kitu kisicho na dawa, kwa hiyo ni vigumu kujua nafuu ile ilitokana na rozimari kwa kiasi gani. Kwa mnyonyo, ushahidi wa namna hiyo haupo. Shuhuda za watu nazo zina mtego wake. Nywele za mama hupukutika miezi michache baada ya kujifungua, kisha kwa kawaida hurudi zenyewe. Mafuta aliyopaka kipindi hicho hupewa sifa isiyo yake.

Itasemwa kwamba mafuta hayana madhara, basi mtu ajaribu tu. Hapo ndipo penye hatari. Mba huhusiana na hamira za ngozini zinazojilisha mafuta, hivyo kuijaza ngozi mafuta huweza kuuzidisha. Mapunye ya watoto ni fangasi, na huhitaji dawa ya kumeza. Misuko inayokaza, hasa rasta nzito, huvuta nywele za kwenye paji hadi vinyweleo vikaharibika, na vikishageuka kovu, hakuna mafuta yatakayoviamsha. Kila mwezi wa kungoja mafuta yafanye muujiza ni mwezi uliopotea kwa tiba. Basi mafuta ya nazi yapakwe kwenye nywele saa chache kabla ya kuosha. Msusi aombwe kulegeza mkono. Na anayeona nywele zikipungua hadi ngozi inaonekana amwone daktari wa ngozi mapema, kabla vinyweleo havijafa.