Nani Yuko Mgongoni? Utangulizi wa Sanaa ya Farasi kwa Msomaji wa Meru

Utangulizi huu nimemwandikia mtu wa Kinoru, na jirani zake wa Makutano, Nkubu na hata ng'ambo ya mto Thuchi huko Embu, ambaye huenda hajawahi kumgusa farasi maishani. Wapo watakaokuambia kwamba sanaa ya farasi ni ya watu waliokulia karibu na mabanda ya farasi, Ulaya au Uarabuni. Mimi nashikilia kinyume chake. Aliyezaliwa kati ya farasi amemzoea mno hata hamshangai tena. Wewe utamtazama ukajiuliza maswali mawili, nayo ndiyo yanayobeba taaluma hii yote: mnyama huyu ameumbwaje, na kwa nini mtu huyu amewekwa juu yake?

Tuanzie nyumbani. Ingia Makumbusho ya Meru, mjini, ndani ya jengo la mawe ambalo enzi za ukoloni lilikuwa ofisi ya mkuu wa wilaya. Humo umehifadhiwa urithi wa Wameru: silaha, vyombo vya nyumbani, mavazi, vifaa vya jando na vya kilimo. Farasi si sehemu ya urithi huo, na sababu ya kwanza ni wadudu. Mbung'o wa nyanda za chini, upande wa Tharaka na Mbuga ya Meru, hueneza nagana. Visubi nao hueneza ugonjwa wa farasi wa Kiafrika, ambao ukiingia katika kundi lisilo na kinga unaweza kuua farasi tisa kati ya kumi. Punda milia hubeba virusi vya ugonjwa huo bila kuugua. Kwa hiyo aliyemfungia farasi njia ya kuja kwetu, kwa sehemu kubwa, ni jamaa yake mwenyewe.

Lakini wadudu peke yao hawaelezi kila kitu. Misitu ya Wayoruba na ya ufalme wa Benin, katika Nigeria ya leo, ilikuwa na mbung'o pia. Huko farasi aliletwa kutoka savana ya kaskazini, akauzwa ghali, na mara nyingi hakuishi muda mrefu. Hata hivyo mafundi wa Benin walisubu wapanda farasi wa shaba, na wachongaji wa Kiyoruba wakawachonga kwenye nguzo na milango ya majumba ya wafalme. Olowe wa Ise, aliyefariki 1938, alichonga nguzo ya baraza ambayo leo iko Metropolitan Museum, New York. Mpanda farasi ameketi wima, mkubwa kupita kiasi, na farasi chini yake ni mdogo. Mtazamaji mwenye haraka husema mchongaji alikosea vipimo, kumbe alipima cheo. Kwa Wayoruba, hasa tangu enzi za dola ya Oyo na jeshi lake la wapanda farasi, enzi ilifika ikiwa imepanda.

Sasa linganisha na kwetu. Mzee wa Njuri Ncheke alipata heshima yake barazani, na baraza huketi. Uzito wa neno lake ulitoka katika umri wake, viapo vyake na busara yake mbele ya wenzake. Hakuhitaji kuinuliwa juu ya vichwa vya watu. Wadudu walimfungia farasi mlango, lakini hata angeingia, angekuta mamlaka isiyomhitaji. Kukosekana kwake katika sanaa yetu ni ushahidi wa jinsi watu walivyojitawala, na mwanafunzi wa fani hii ausome kama anavyosoma sanamu yenyewe.

Farasi alipofika nyanda za juu za Kenya kwa wingi, alikuja na walowezi. Baridi ya mwinuko ilipunguza wadudu, na mashamba ya Timau na Nanyuki yakapata mabanda ya farasi. Nairobi ilikuwa na mbio za farasi kufikia 1904. Kwa babu zetu wengi, basi, mpanda farasi wa kwanza waliyemwona alikuwa bwana shamba au afisa wa serikali. Kumbukumbu hiyo usiiweke kando unaposimama mbele ya sanamu ya mfalme yeyote aliyepanda farasi. Itakusaidia kuona haraka kile ambacho sanamu ilikusudiwa kukufanyia: kukulazimisha uinue macho.

Kaskazini mambo yalikuwa tofauti. Barabara inayopita Isiolo, Marsabit na Moyale inakufikisha Addis Ababa, na Ethiopia ndiyo hazina kubwa ya sanaa ya farasi iliyo karibu nasi. Kwenye milima yake ya baridi farasi walistawi, na wakuu waliitwa kwa majina ya farasi wao wa vita, desturi iliyo na nguvu pia kwa Waoromo. Tewodros wa Pili alikuwa Abba Tatek, Yohannes wa Nne akawa Abba Bezbez, na Menelik wa Pili Abba Dagnew. Sanamu ya Menelik juu ya farasi wake, karibu na Kanisa Kuu la Mtakatifu George, ilizinduliwa 1930. Waitalia walipoiteka Addis Ababa mwaka 1936 waliing'oa, na baada ya kufukuzwa kwao 1941 ilirudishwa mahali pake. Mvamizi hahangaiki kung'oa pambo tu.

Ndani ya makanisa ya Ethiopia utakutana na farasi mweupe wa Mtakatifu George, akimkanyaga joka huku mkuki wa bwana wake ukishuka. Picha hizi zimechorwa kwa mamia ya miaka, ukutani, kwenye ngozi na kwenye mbao zinazofungwa kama kitabu. Angalia mguu wa mtakatifu: mara nyingi ni mtupu, na kikuku cha kupandia kimeshikwa kwa kidole gumba, kama walivyofanya wapanda farasi wa nchi ile. Hapo mchoraji amemchukua mtakatifu wa nchi za mbali akampandisha kwa namna ya kwao. Huko Lalibela, juu ya mlango wa magharibi wa kanisa la Bete Maryam lililochongwa katika mwamba, kuna nakshi ya wapanda farasi wakipigana na wanyama. Na katika michoro ya turubai inayosimulia vita vya Adwa vya tarehe 1 Machi 1896, Mtakatifu George hushuka toka mawinguni akiwa juu ya farasi kulisaidia jeshi la Ethiopia. Waethiopia huonyeshwa nyuso zao na macho yote mawili. Adui huchorwa upande, jicho moja. Ukiijua kanuni hiyo, unaisoma picha nzima bila mkalimani.

Pwani yetu ilishika njia nyingine. Fundi Mswahili alipeleka ustadi wake kwenye milango, plasta ya chokaa na mashairi, na farasi wa vita akaishi zaidi katika tenzi kuliko ukutani. Alikuwepo pia kama zawadi ya kifalme: mwaka 1840 Sayyid Said wa Zanzibar alituma jahazi lake Sultana hadi New York, na miongoni mwa zawadi za Rais Martin Van Buren walikuwamo farasi wawili wa Kiarabu. Mtawala alipotaka kujitambulisha kwa mtawala mwenzake, alimtanguliza farasi.

Turudi kwenye swali la kwanza, la umbo. Binadamu wamekuwa wakilikabili tangu zama za mapango: farasi wa Chauvet, kusini mwa Ufaransa, walichorwa kwa makaa zaidi ya miaka 30,000 iliyopita, na vichwa vyao vinne vilivyopangwa pamoja vina uhai ambao wachoraji wa leo bado wanautafuta. Katika karne ya 18 Mwingereza George Stubbs alikaa miezi 18 kijijini Horkstow akichuna na kupasua mizoga ya farasi, akichora kila tabaka la misuli hadi mifupa. Kitabu chake kilitoka 1766. Matunda ya kazi hiyo unayaona katika Whistlejacket, farasi dume wa rangi ya kahawia aliyechorwa kwa ukubwa unaokaribia ule wa mnyama mwenyewe, bila mpandaji, bila tandiko, bila hata mandhari nyuma yake. Stubbs alimwondoa bwana ili umwone mnyama.

Stubbs huyohuyo alichora punda milia mwaka 1763, na hakuwa wa kwanza. Mwaka 1621 Jahangir, mfalme wa Mughal huko India, aliletewa punda milia kutoka Ethiopia. Mistari yake ilikuwa imenyooka mno hata watu wakadhani imepakwa rangi, na mfalme akamkagua mwenyewe. Kisha mchoraji wake Mansur akamchora kwa utulivu wa ajabu. Mnyama ambaye mtoto wa Isiolo humwona akiwa safarini alikuwa muujiza katika ikulu ya Mughal. Ndiyo maana nasisitiza kwamba hakuna anayeanza fani hii mikono mitupu.

Swali la umbo lilipata jibu kali mwaka 1878, pale Eadweard Muybridge alipopanga kamera mfululizo kando ya njia ya mbio huko California. Kwa vizazi wachoraji walikuwa wamemwonyesha farasi anayepiga shoti akiwa ametandaza miguu yote minne angani, ya mbele mbele na ya nyuma nyuma, kama katika mbio za Epsom alizochora Théodore Géricault mwaka 1821, picha iliyopo Louvre. Kamera ilionyesha kwamba kwato zote huondoka ardhini pale miguu inapokunjwa chini ya tumbo. Bado nakuomba umheshimu Géricault. Alichora kasi kama macho ya mtu yanavyoihisi, na picha yake inakimbia.

Swali la pili, la mgongoni, limejibiwa kwa ujasiri zaidi. Mwaka 1801 Jacques-Louis David alimchora Napoleon akivuka milima ya Alps juu ya farasi aliyesimama kwa miguu ya nyuma. Kwa kweli jemadari huyo alivuka juu ya nyumbu. Rosa Bonheur yeye aliwachora farasi wa kazi wakipelekwa mnadani Paris, na walioko migongoni ni wachuuzi na watumishi, hakuna mfalme hata mmoja. Na mwaka 2019 Kehinde Wiley, Mmarekani ambaye baba yake ni Mnigeria, alisimamisha sanamu ya kijana mweusi wa leo juu ya farasi wa shaba; sasa iko Richmond, Virginia, mji uliokuwa umejaa sanamu za majemadari waliopigania utumwa. Wiley hakubadilisha farasi. Alibadilisha mpandaji, na maana yote ikageuka.

Wapi basi pa kwenda kutazama? Anza na wanyama wenyewe, maana jicho lisilojua mnyama hudanganywa na picha. Punda wanaovuta mikokoteni katika miji yetu wanatosha kukufundisha goti, kwato na sikio. Hifadhi ya Lewa, Timau ikiwa jirani, ina punda milia wa Grevy, mkubwa kuliko wote, na farasi wa kupanda pia. Ukiwa Nairobi, nenda uwanja wa Ngong siku ya mbio, ukae karibu na mahali farasi wanapozungushwa kabla ya kushindana, na uchore.

Safari ya pili ni Addis Ababa: sanamu ya Menelik, kanisa lililo jirani nayo, na makumbusho ya Taasisi ya Taaluma za Ethiopia katika Chuo Kikuu cha Addis Ababa, yenye mkusanyiko mkubwa wa picha takatifu. Mwenye ndugu London ana bahati, kwa kuwa kiingilio cha maonyesho ya kudumu huko ni bure: Whistlejacket yuko National Gallery; British Museum ina msafara wa wapanda farasi kutoka hekalu la Parthenon pamoja na shaba za Benin; Victoria and Albert Museum inamhifadhi punda milia wa Mansur, ingawa kazi za karatasi hufichwa mwanga mara kwa mara, hivyo uliza kabla ya kwenda. Bonheur na Olowe wako chini ya paa moja New York. Farasi wa shaba wa Venice, walioporwa Constantinople mwaka 1204, wako ndani ya jumba la kanisa la Mtakatifu Marko, na walioko nje ni nakala. Asiye na nauli asikate tamaa. Makumbusho haya makubwa yameweka picha za mikusanyo yao kwenye intaneti, na simu inatosha kuanzia.

Unapotazama, panda kutoka chini kwenda juu. Hesabu kwato zilizo ardhini. Fuata mguu hadi bega uone kama msanii aliujua mfupa ulioko ndani. Soma masikio na jicho: je, mnyama ana hofu, hasira au uchovu? Fuata hatamu hadi kwenye mkono unaoishika. Mwisho umtazame mpandaji, na usimwache kabla hujawatafuta walioko chini: anayekanyagwa, anayeshika lijamu, anayetembea kando kwa miguu. Picha nyingi huwaweka pembeni au kuwaacha kabisa, nawe unayo haki ya kuuliza walikuwa wapi.

Kurasa zinazofuata zitapitia mapango, mahekalu, ikulu na viwanja vya miji kwa utaratibu huo. Ukizimaliza, nakusihi uchukue kalamu au patasi. Bado tunahitaji wasanii wa Meru na Embu watakaomchonga punda wa kazi kwa uchunguzi ule ule Stubbs aliompa Whistlejacket, na waandishi watakaoeleza kwa nini mzee wa baraza hakuhitaji kupandishwa juu ya mnyama ili asikilizwe. Hilo ni fungu letu katika taaluma hii, na hakuna aliye mahali pazuri zaidi pa kulianza kuliko wewe.