Je, Wajua? Kilomita 37 za kuvua koti

Barabara ya Ntendo–Muze, mkoani Rukwa, ina takriban kilomita 37 tu. Lakini inakushusha karibu mita 1,000!

• Inachepuka Ntendo, kwenye barabara kuu ya Sumbawanga–Mpanda, juu ya uwanda wa Ufipa wenye baridi. Ukifika Muze, uko kwenye joto la bonde.

• Kinachotenganisha juu na chini ni ukingo wa milima ya Lyambalyamfipa.

• Chini kuna Ziwa Rukwa. Maji yake yana magadi, na hakuna mto unaotoka humo.

• Kutoka Muze, njia huendelea bondeni kuelekea Milepa na Kilyamatundu. Ng'ambo ya Mto Momba ni Kamsamba, mkoa wa Songwe.

Msafiri, shuka taratibu: mpunga wa bonde husafirishwa kwenda juu kwa barabara hiyohiyo.