Ndama wa Mbali, Maradhi Yabaki Huko

Wafugaji wa Msambweni na Muhaka huniita daktari, ingawa kazi yangu ni kupandisha ng'ombe kwa mrija tu. Siku hizi huniuliza habari za viinitete: zebu wangu akibebeshwa ndama wa ng'ombe wa mbali, si ataniletea na maradhi ya huko?

Hujibu kwa kisa cha N'Dama, ng'ombe wa Afrika Magharibi. Huyu huvumilia nagana, maradhi ya mbung'o, sifa ambayo anayefuga kando ya Shimba Hills angeilipia kwa furaha. Miaka ya 1980 watafiti wa ILRAD, taasisi iliyokuwa Kabete, walimhitaji. Kumleta mzima kutoka Gambia kungekuwa kuleta pia virusi na kupe wake. Wakachukua viinitete, wakavigandisha, wakavipandikiza Kenya kwa majike ya Boran. Wakazaliwa N'Dama halisi. Taarifa yao ilichapishwa 1986.

Siri ya kuyaacha maradhi huko ni ganda la kiinitete. Kiinitete cha siku kama saba bado kimo ndani ya ganda hilo, na likiwa zima, virusi vingi hubaki nje, ambako vinaoshwa. Kanuni ya IETS, jumuiya ya kimataifa ya wataalamu wa viinitete, ni kuosha mara 10, kila mara kwa maji ya dawa mapya na mrija mpya uliotakaswa. Kinachobebwa kutoka kisahani kimoja kisizidi sehemu moja kwa 100 ya maji ya kinachofuata. Huoshwa pamoja viinitete vya mama mmoja tu, visizidi 10. Kisha kila kimoja hugeuzwageuzwa chini ya hadubini inayokuza angalau mara 50. Ganda lenye ufa au uchafu ulionata? Kitupwe, hata kama kiligharimu pesa nyingi. Virusi vya IBR, maradhi ya njia ya pumzi ya ng'ombe, ndivyo vyenye ubishi: hung'ang'ania gandani mpaka vitolewe kwa kimeng'enya cha tripsini.

Viinitete vilivyotungwa maabara vinataka hadhari zaidi, maana vijidudu hunata kwenye ganda lake kwa urahisi.

Wengi husahau mama mbebaji. Kiinitete kioshwe vipi, jike mwenye brusela, maradhi ya kutupa mimba, ataiambukiza mimba yake mwenyewe. Na kupe wa huku kwetu Kwale hawajali ndama katoka wapi. Ndigana kali, maradhi yao, itamngoja malishoni.

Kwa hiyo, mfugaji mwenzangu, kabla ya kulipa dai cheti cha afya cha mama aliyetoa na cha uoshaji, kisha jike wako apimwe damu.