Kitasa cha zamani kimegoma? Soma hapa kabla hujakiuza chuma chakavu

Arusha. Mlango wa nyumba ya babu unagoma kufunga. Ufunguo unaingia, unazunguka nusu, unakwama. Fundi anaitwa, anaangalia dakika mbili, anashauri kitolewe na kuwekwa kipya. Jioni kitasa cha zamani kipo kwa mnunuzi wa chuma chakavu, kinapimwa kwa kilo.

Hali hii ni ya kawaida Kikatiti na maeneo mengine ya Meru, ambako bado zipo nyumba za wazee zenye milango mizito ya mbao na vitasa vya miaka mingi. Vingi vya vitasa hivyo havijafa. Vimejaa vumbi, rangi na mafuta yaliyoganda, au vimevunjika springi moja tu ndani.

Lakini sio kila kitasa cha zamani kinafaa kulinda mlango wa nje. Hapa chini ni namna ya kutofautisha, na hatua ambazo mafundi hufuata kukirudisha kazini.

Ni kitasa gani hasa?

Kinachozungumziwa hapa ni kitasa kinachozama ndani ya unene wa mlango. Seremala huchimba shimo kwa patasi kwenye ubavu wa mlango, kisha sanduku la kitasa linaingizwa humo. Kwa nje huonekana bati la mbele, tundu la ufunguo na mkono. Hiki ni tofauti na kile kinachobandikwa juu ya ubao, na tofauti kabisa na kufuli.

Ndani ya sanduku kuna vitu vichache:

- Ulimi wa mkono, wenye ncha ya mshazari, unaorudi wenyewe mlango ukisukumwa.
- Ulimi wa ufunguo, ule wa mraba, unaotoka ufunguo ukizungushwa.
- Liva, yaani vibati vyembamba vilivyopangwa kimoja juu ya kingine, kila kimoja na springi yake.
- Kipande chenye tundu la mraba, ambapo nondo ya mkono hupita.

Kila liva ina pengo. Meno ya ufunguo huinua kila liva kwa kimo chake. Mapengo yote yakikaa mstari mmoja, ulimi unapata njia ya kupita. Liva moja ikiinuka pungufu au ikizidi, ulimi haupiti.

Mfumo wa liva zinazotakiwa kuinuliwa kwa kimo kamili ulisajiliwa Uingereza na Robert Barron mwaka 1778. Baadaye mji wa Willenhall ukawa kitovu cha utengenezaji wa vitasa nchini humo. Union, jina ambalo wauza hardware wengi Tanzania wanalijua, lina asili yake huko huko.

Kwanza: huenda mgonjwa ni mlango

Kosa kubwa ni kukilaumu kitasa kabla ya kukipima. Kipimo chenyewe hakihitaji hata bisibisi. Mlango unaachwa wazi, kisha ufunguo unazungushwa.

Ulimi ukitoka na kurudi vizuri mlango ukiwa wazi, kitasa ni kizima. Tatizo ni mlango au fremu. Masika mbao huvuta unyevu na kuvimba. Bawaba zikilegea, mlango unashuka, na ulimi unagonga bati la fremu badala ya kuingia kwenye tundu lake.

Dawa ni kukaza bawaba, kisha kupaka chaki kwenye ulimi, kufunga mlango na kuzungusha ufunguo hadi unapogonga. Alama ya chaki itaonyesha mahali. Kinachopigwa tupa ni tundu la bati la fremu. Ulimi hauguswi.

Ufunguo ukikwama hata mlango ukiwa wazi, hapo kitasa kinatakiwa kutoka.

Kukitoa bila kuumiza mlango

Rangi iliyopakwa mara tatu, nne juu ya bati la mbele hukatwa kwanza kwa kisu kuzunguka kingo zake. Bila hivyo, kitasa kikivutwa hutoka na vipande vya mbao.

Mifereji ya skrubu husafishwa kwa ncha ya kisu ili bisibisi ikae vizuri. Skrubu ikigoma, hudondoshewa mafuta na kuachwa usiku kucha. Kulazimisha ni kuharibu kichwa chake, na hapo kazi ya dakika tano inageuka ya siku nzima.

Mikono na nondo yake hutolewa kwanza. Halafu bisibisi ndefu hupitishwa kwenye tundu la nondo, na kitasa huvutwa taratibu kwa kubadilisha pande.

Simu ipige picha kabla ya kifuniko kuondoka

Kitasa hulazwa kwenye sinia, kifuniko kikiwa juu. Skrubu zikishafunguliwa, kifuniko huinuliwa polepole huku kidole kikizuia vilivyomo. Springi ikiruka nyasini, imepotea.

Picha ipigwe kabla kitu chochote hakijaguswa. Liva zitolewe moja moja na kupangwa kwa mfuatano uleule. Zikichanganywa, ufunguo hautafungua tena hadi mpangilio wake urudi.

Kinachofuata ni usafi:

- Mafuta ya taa na mswaki wa zamani huondoa grisi iliyoganda. Kazi hii ifanyike nje, mbali na moto.
- Kutu huondolewa kwa brashi ya waya laini au msasa mwembamba, kwenye sanduku na ndimi tu.
- Liva hazipigwi tupa wala msasa mkali. Pengo likipanuka, hata ufunguo usio wake unaweza kupita.

Baada ya kukauka, grisi kidogo sana hupakwa pale ulimi unapoteleza. Liva hazihitaji mafuta. Unga wa risasi ya penseli unatosha. Oili chafu ya gari ndiyo inayopendwa mitaani, lakini kwenye maeneo ya vumbi kama Kikatiti inakamata vumbi na kugeuka tope. Kitasa kitagoma tena kabla ya mwaka kuisha.

Springi, hapo ndipo wengi hukwama

Springi ikivunjika, wengine huweka waya wa kufungia nondo za ujenzi. Haufai. Waya huo ukipinda unabaki umepinda, wakati springi lazima irudi.

Springi ya liva ni ukanda mwembamba wa chuma kigumu. Inaweza kukatwa kutoka kwenye springi ya saa ya zamani. Ikatwe bila kuchomwa moto, kwa sababu joto huondoa ule ugumu wake wa kurudi. Springi kubwa ya ulimi wa mkono hupatikana kwa urahisi zaidi kwenye kitasa kingine kibovu cha aina hiyohiyo. Ndiyo maana fundi mwenye akili hatupi kitasa kibovu.

Kabla ya kurudisha mlangoni, kifuniko hufungwa na ufunguo huzungushwa mara 20 kwenda na kurudi. Wakati wa kukirudisha, skrubu zisikazwe kupita kiasi. Sanduku likibanwa linapinda, na ulimi unakwama upya.

Ufunguo umepotea?

Anayepelekewa kazi ni mchonga funguo, na apelekewe kitasa kizima. Mashine nyingi za mitaani zimetengenezwa kwa funguo bapa za kisasa. Ufunguo wa liva mara nyingi huchongwa kwa mkono: kitasa kinafunguliwa, ufunguo mbichi unabanwa kwenye jiliwa, na kila jino linapunguzwa kidogo kidogo hadi liva yake ikae sawa.

Picha ya ufunguo isiwekwe status. Anayejua kazi anaweza kuchonga kwa kuangalia picha.

Je, kinalinda?

Hapa ndipo familia inapaswa kuwa makini. Idadi ya liva ndiyo inayotoa jibu.

- Hakina liva, kina vikingo tu: funguo malaya hukifungua chapchap. Kibaki milango ya ndani.
- Liva 2 au 3: kinafaa chumba au stoo. Mlango wa nje uongezewe komeo imara au kitasa cha pili.
- Liva 5 na kuendelea: kinaweza kulinda mlango wa nje, kama mbao na fremu navyo ni vizima.

Hata hivyo, hakuna kitasa kisichofunguka. Mwaka 1851, wakati wa maonyesho makubwa ya London, Mmarekani Alfred Charles Hobbs alifungua bila ufunguo kitasa cha Chubb kilichosifiwa kuwa hakiwezekani. Ilimchukua kama dakika 25. Kitasa kinamchelewesha mwizi. Mlango dhaifu unamrahisishia.

Kuna hatari nyingine ya ndani ya nyumba. Vitasa hivi vikifungwa kwa ufunguo, aliye ndani bila ufunguo hatoki. Kama bibi au watoto wanalala humo, ufunguo uwe mahali panapojulikana na kufikika gizani, na asiwepo anayewafungia kwa nje. Moto ukitokea, hakuna muda wa kutafuta.

Lini kibadilishwe?

Sanduku likiwa limepasuka, ulimi umelika, au liva zimeshapigwa tupa na watu waliopita, muda wake umeisha. Cha muhimu ni kupima kabla ya kununua: urefu wa bati la mbele, kina cha sanduku, na umbali kati ya tundu la ufunguo na tundu la nondo. Kipya kisipolingana, seremala atachimba tena, na kila anapochimba ubavu wa mlango unapungua nguvu. Mlango wa mninga au mvule uliodumu miaka 60 unaweza kuharibika mchana mmoja.

Kikipona, matunzo yake ni madogo: kukaza bawaba na kupaka penseli mara mbili kwa mwaka, kabla ya masika na kabla ya vuli.