Mti Mkongwe wa Kiwanja cha Kanisa: Kuuandika na Kuutunza

Wahenga walisema kwamba hata mbuyu ulianza kama mchicha. Lakini aliyeuona ukiwa mchicha hayupo tena kutuhadithia. Hiyo ndiyo taabu ya kuandika habari za mti mkongwe. Twaandika haya kwa ajili ya walimu na mapadre wa Runzewe na nchi za jirani, tangu Geita hata Shinyanga, kwa kuwa huko miti yapungua upesi. Mabani ya tumbaku yataka kuni, mashimo ya dhahabu yataka matimba, na pengine mti mkubwa uliosalia kijijini ni ule wa kiwanja cha kanisa.

Mfano mashuhuri uko Bagamoyo, katika misheni iliyoanzishwa na Mapadre wa Roho Mtakatifu mwaka 1868. Mbuyu wake una mnyororo uliotokeza shinani. Yasimuliwa kwamba bibi Mfaransa, Madame de Chevalier, aliufunga hapo kwa ajili ya punda wake. Mti ukanenepa hata ukaumeza. Mnyororo twauona kwa macho, bali habari ya punda twaisikia tu. Daftarini yaandikwe yote mawili, kila moja mahali pake: yaliyoonekana huku, yaliyosimuliwa kule, pamoja na jina la msimulizi na mwaka.

Wala maandishi yasichongwe katika gome. Dkt. Livingstone alipofariki Chitambo, nchini Zambia ya leo, mwaka 1873, moyo wake ulizikwa chini ya mti, naye Jacob Wainwright akachonga maneno ya ukumbusho shinani. Mwaka 1899 mti ule ulikatwa, na kipande chenye maandishi kikapelekwa London. Kisu hujeruhi mti, na ukianguka, maandishi huanguka nao.

Umri usikisiwe kwa unene peke yake. Mti mkongwe huoza moyo ukawa na uwazi, na pete za miaka ya kwanza hupotea. Mbuyu, zaidi ya hayo, huvimba kwa maji na kunywea wakati wa ukame. Basi shina lipimwe kwa utepe mzunguko wake, sentimita 130 juu ya ardhi, kila mwaka katika mwezi ule ule, na picha ipigwe kutoka mahali pale pale.

Majina nayo yaandikwe kama yatamkwavyo na wazee, kwa Kisumbwa, Kisukuma na Kiha. Kiswahili chatofautisha mbuyu ulio mti, buyu lililo tunda, na ubuyu ulio unga wake. Msukuma huuita mti huo ng'wandu. Ukwaju kwake ni bushishi. Mti ukitoweka, jina lake nalo husahauliwa na watoto.

Katika kutunza, makosa mengi hutokana na nia njema. Wengine huziba uwazi wa shina kwa saruji. Saruji huzuia maji yasitoke, na kuoza huzidi. Wengine hurundika udongo shinani, au hukata mizizi wajengapo ukuta. Tena yako makanisa yatundikayo chuma cha gurudumu mtini kiwe kengele: waya hukaza mwaka kwa mwaka hata ukalinyonga tawi. Heri kengele ipewe nguzo yake. Mbuyu waweza kuotesha gome jipya ukichunwa, lakini miti mingi ikichunwa gome kuuzunguka mwili wote hufa.

Hatari si ndogo. Mwaka 2018 wataalamu walitangaza kwamba katika mibuyu 13 iliyo mikongwe kupita yote Afrika, 9 ilikuwa imekufa, yote au sehemu zake za kale, tangu mwaka 2005.

Hata hivyo nchi hii ina desturi ya kutusaidia. Tangu zamani Wasukuma hutenga ngitili, yaani malisho yanayofungwa wakati wa mvua ili yafae wakati wa kiangazi; na tangu mwaka 1986 mpango wa Hifadhi Ardhi Shinyanga uliitumia desturi hiyo kurudisha misitu. Ngitili hulindwa kwa mapatano ya watu wenyewe. Basi mwalimu atakaye kuulinda mti wa kanisa na awakutanishe kwanza wazee na vijana, wachimbaji wakiwamo, wapatane mpaka wake. Ndipo afungue daftari na kuandika mapatano hayo katika ukurasa wa kwanza.